Letusi ya kitalu nyumba na potasiamu: soma dalili kabla ya kuongeza mbolea

Kingo za majani ya letusi zikianza kukauka, ushauri wa kwanza utakaoupata kwenye duka la pembejeo ni kuongeza potasiamu. Wakati mwingine ushauri huo ni sahihi. Lakini ndani ya kitalu nyumba mvua haiingii kuosha udongo, na mbolea inapita kwenye mipira ya matone wiki baada ya wiki. Letusi inaweza kuumwa kwa potasiamu iliyozidi kama inavyoumwa kwa kuikosa, na ukiangalia harakaharaka huwezi kutofautisha. Ukikosea upande, kila gramu unayoongeza inakuzidishia hasara.

Kwanza, ni jani gani linaloumwa?

Potasiamu huhama ndani ya mmea. Ikipungua, mmea huinyonya kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, hivyo upungufu huanzia chini, kwenye majani yaliyolala karibu na udongo. Kalsiamu haihami. Ikikosekana yanaungua majani machanga ya katikati, hata kama ya nje yamejaa kalsiamu tele. Magnesiamu nayo huhama, ila dalili yake haianzii ukingoni: nafasi kati ya mishipa hugeuka manjano huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Jani la chini likipauka lote sawasawa bila kuungua, fikiria naitrojeni. Majani mapya yakiwa ya manjano na yenye mishipa ya kijani, ni chuma, na mara nyingi kisa chake ni pH ya udongo au maji iliyopanda.

Ng'oa miche mitatu kutoka sehemu tofauti za kitalu: mlangoni, katikati, na mwisho wa mpira wa matone. Osha mizizi. Bandua majani moja moja uyapange mezani kuanzia la nje kabisa hadi la moyoni. Kama ni aina inayofunga kichwa, kipasue katikati kwa kisu, maana kichwa kilichofungwa huficha maradhi ya ndani mpaka kifike kwa mteja.

Utepe wa kahawia kwenye majani ya chini

Huu ndio upungufu wenyewe, lakini hauanzi na utepe. Mwanzoni mmea hudumaa tu, majani yakiwa na kijani kizito kuliko kawaida na umbo lililojiviringa zaidi. Jua likikaza, mmea hulegea mapema na jioni hukawia kusimama, kwa sababu potasiamu ndiyo inayoongoza kufunguka na kufunga kwa vitundu vya kupumulia vya jani na kushikilia maji ndani ya seli. Baadaye hutokea madoa madogo ya manjano karibu na ncha ya jani la zamani. Madoa huungana, hukauka, na kuwa utepe mwembamba unaofuata ukingo. Ukiukunja kwa vidole unavunjika kama karatasi kavu. Sehemu ya katikati ya jani hubaki kijani kwa muda, na hapo ndipo wengi hudhani ni jua.

Thibitisha kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni jani: letusi ya kitalu iliyoshiba huwa na potasiamu ya asilimia 5 hadi 8 ya uzito mkavu, na ikikaribia asilimia 3 ina njaa. Cha pili ni udongo. Chukua sampuli 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, usichimbe chini ya tundu la matone pekee wala katikati ya njia, zichanganye upeleke nusu kilo maabara. Chini ya 0.2 cmol/kg, yaani kama miligramu 78 kwa kilo, udongo ni maskini wa potasiamu. Kwa letusi inayokua haraka ndani ya kitalu ni vema kuwa juu ya 0.5. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro wanapima, na kwa Kenya taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ya Kabete.

Majibu yakithibitisha upungufu, piga hesabu. Chukua kitalu cha mita 8 kwa 15 chenye matuta ya jumla ya mita za mraba 80. Kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25 unapata miche 16 kwa mita ya mraba, yaani 1,280. Kila mmoja ukifika gramu 250 ni kilo 320 za letusi. Kilo moja ya letusi mbichi hubeba gramu 2 hadi 4 za potasiamu. Ukichukua 3, zao lote linaondoka na gramu 960. Namba kwenye mfuko wa mbolea huandikwa kama K2O, yaani oksidi ya potasiamu, kwa hiyo zidisha kwa 1.2: karibu kilo 1.15 za K2O. Salfeti ya potasiamu, ile inayouzwa kama SOP, ina asilimia 50, hivyo unahitaji kilo 2.3. Weka kilo 2.5 kwa udongo wa wastani, na hadi 4 kama kipimo kilikuwa cha chini kweli. Samadi uliyoweka iingize kwenye hesabu hii, kwa sababu karibu potasiamu yote ya samadi hupatikana msimu huohuo.

Usimwage yote siku ya kupanda. Sehemu kubwa ya potasiamu huchukuliwa katika wiki tatu za mwisho kabla ya kuvuna. Kwa kilo 2.5, changanya gramu 800 na udongo wa tuta kabla ya kupandikiza, kisha gawa kilo 1.7 kwa wiki nne kuanzia wiki ya pili. Hiyo ni gramu 425 kwa wiki, na hapa ndipo watu huunguza mizizi: kuiweka yote kwenye lita 320 za maji ya siku moja kunapandisha EC, yaani kipimo cha chumvi iliyoyeyuka, kwa karibu 1.8 mS/cm. Igawe mara tatu, gramu 140 kila mara, na EC itapanda kwa 0.6 tu.

Ukitaka jibu la haraka wakati unasubiri maabara, nyunyiza tuta moja tu kwa nitreti ya potasiamu, gramu 100 kwenye bomba la lita 20, jioni jua likishapoa. Rudia baada ya siku nne. Siku 7 hadi 10 baadaye linganisha majani mapya ya tuta hilo na ya jirani. Usiangalie kingo zilizokwisha kauka, hazitarudi kuwa kijani hata ukifanya nini.

Maabara inasema potasiamu ipo, mmea unasema haipo

Hali hii hutokea sana kwenye udongo wa volkano wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, ambao mara nyingi una potasiamu ya kutosha. Potasiamu husafiri kwenye tabaka jembamba la maji linalozunguka chembe za udongo. Udongo ukikauka, njia inakatika. Chimba kwa mkono kina cha sentimita 15, katikati ya matundu mawili ya matone: kama ni vumbi hapo, tatizo lako ni ratiba ya maji. Letusi ina mizizi mifupi, na mara mbili au tatu kwa siku kwa dakika chache ni bora kuliko mara moja kwa muda mrefu.

Udongo uliojaa maji nao hunyima mizizi hewa, na mizizi isiyopumua haivuti potasiamu. Ikiwa mizizi ni ya kahawia na ngozi yake inavuka ukiivuta, punguza maji kabla ya kugusa mbolea.

Kisha tazama mizizi yenyewe. Vinundu vidogo kama punje ni minyoo fundo, na kitalu kilicholimwa nyanya misimu kadhaa mfululizo mara chache hukosa. Mzizi wenye vinundu hauvuti potasiamu wala maji ya kutosha hata ukilala kwenye udongo wenye rutuba. Hakuna mbolea ya kutibu hilo. Maliza zao, ng'oa mabaki na mizizi yake, lowesha udongo, ufunike kwa nailoni angavu iliyobana kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali.

Na kama waathirika wote wako mwisho wa mipira, pima kabla ya kufikiri sana. Weka vikopo chini ya tundu la kwanza na la mwisho kwa dakika 10. Tofauti ikizidi asilimia 10, safisha chujio, fungua ncha za mipira usukume uchafu nje, ukague kama pampu ina nguvu inayotosha.

Kingo zinaungua karibu kila jani, udongo una unga mweupe

Hapa ni chumvi. Majani ni madogo, magumu, yenye kijani kizito cha kufifia, na kuungua hakuchagui ya chini pekee. Juu ya tuta, hasa pale maji ya matone yanapoishia, kuna unga mweupe. Letusi ni dhaifu mbele ya chumvi: EC ya maji ya udongo uliolowa kabisa ikivuka 1.3 mS/cm mavuno huanza kushuka, karibu asilimia 13 kwa kila namba moja inayoongezeka.

Kipimo cha shambani ni rahisi. Changanya mililita 100 za udongo na mililita 200 za maji ya mvua au yaliyotoneshwa, koroga, acha nusu saa, pima maji ya juu kwa kifaa cha EC. Kwa njia hii namba zinatoka ndogo kuliko za maabara. Chini ya 0.8 uko salama, na ukivuka 1.2 letusi inaumia.

Pima pia maji ya kisima kabla hujaweka chochote. Visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina sodiamu na baikaboneti kwa wingi, na sodiamu hushindana na potasiamu mlangoni mwa mzizi. Mkulima anayeanza na maji ya EC 0.9 hana nafasi ya kutia mbolea kama mwenye maji ya 0.2, hata wakinunua mfuko uleule.

Tiba ni kuosha, na kuosha kunahitaji maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Kwa udongo wa kina cha sentimita 30, lita 150 kwa kila mita ya mraba huondoa karibu nusu ya chumvi, na lita 300 karibu asilimia 80. Gawa katika siku kadhaa na hakikisha maji yanapata pa kwenda. Udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji utakupa bwawa tu. Kazi hii hufanywa kitalu kikiwa kitupu. Zao likiwa bado limesimama, unachoweza kufanya ni kumwagilia maji matupu siku tatu hadi tano na kukata mbolea kwa nusu baada ya hapo.

Asili ya chumvi hiyo mara nyingi ni MOP (kloraidi ya potasiamu), zile punje za rangi ya waridi zenye K2O asilimia 60. Ni rahisi, na kwenye mahindi ya mvua haina neno. Ndani ya kitalu kloraidi yake inabaki palepale. Kwa uzito sawa, MOP huongeza ukali wa chumvi zaidi ya mara mbili ya SOP. Majivu ya kuni nayo yana potasiamu, lakini yanapandisha pH, na kwenye maji yenye baikaboneti unaongeza moto juu ya moto. Samadi ya kuku isiyooza ni ya kundi hilohilo.

Majani ya nje safi, moyo umeungua

Hili ndilo tatizo linalowapoteza wakulima pesa nyingi, na linalotibiwa vibaya kuliko yote. Ncha za majani machanga ya ndani huwa za kahawia, halafu huoza zikipata unyevu. Ni ukosefu wa kalsiamu mahali hapo. Kalsiamu hupanda na maji yanayovutwa na majani yanayopumua. Majani ya moyoni, yaliyojifunga na kuzungukwa na hewa iliyotulia, hayavuti. Kuongeza potasiamu hapa ni kosa kubwa, kwani potasiamu nyingi na amonia husukuma kalsiamu pembeni tangu kwenye mzizi.

Hatua, kwa mpangilio wa umuhimu: fungua pande za kitalu mapema asubuhi na sukuma hewa ipite juu ya mimea, tandaza wavu wa kivuli wa asilimia 30 hadi 50 wakati wa joto, hasa wiki mbili za mwisho, ili kasi ya kukua ipungue, shusha EC ya maji ya mbolea hadi 1.2 au 1.4, acha urea na mbolea zenye amonia nyingi, tumia nitreti ya kalsiamu. Usiache udongo ulale mkavu, kwa sababu usiku ndipo msukumo wa mizizi unapofikisha kalsiamu kwenye majani yasiyopumua. Kunyunyizia kalsiamu husaidia aina za majani wazi na vichwa ambavyo havijafunga. Kichwa kikishafunga, unaosha majani ya nje tu.

Manjano kati ya mishipa, wiki kadhaa baada ya kuongeza potasiamu

Umezidisha, na magnesiamu imefungiwa nje. Simamisha potasiamu, nyunyiza magnesiamu salfeti, chumvi ya Epsom, gramu 20 kwa lita, mara mbili kwa kupishana siku 7. Kwenye karatasi ya maabara linganisha magnesiamu na potasiamu kwa cmol/kg. Magnesiamu inatakiwa iwe angalau mara mbili ya potasiamu, na zikikaribia kulingana tatizo hili litarudi kila msimu.

Vichwa vyepesi, vinavyonyauka kabla ya kufika sokoni

Potasiamu ikitosha, jani hushika maji, linakuwa na mkatiko mzuri na linavumilia safari. Lakini faida hiyo ina ukomo. Letusi huendelea kuvuta potasiamu hata ikishashiba, ikaiweka akiba bila kuongeza uzito wowote. Kipimo cha jani kikisoma asilimia 9, mbolea iliyozidi umeinunua bure.

Kama majani ni makubwa, laini, yenye maji mengi na yanayochubuka ukiyashika, angalia naitrojeni. Kwenye maji ya mbolea, potasiamu inatakiwa iwe sawa na naitrojeni au izidi kidogo, mpaka 1.3 kwa 1. Uchungu na kurefuka kwa shina la maua ni mambo ya joto na kuchelewa kuvuna, na potasiamu inasingiziwa bure.

Kwa anayelenga soko la Ulaya kuna suala la nitreti ndani ya jani. Kwa letusi mbichi iliyolimwa ndani ya kitalu, ukiondoa aina ya iceberg, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 4,000 kwa kilo kwa mavuno ya Aprili hadi Septemba na 5,000 kwa Oktoba hadi Machi. Iceberg ya kitalu ni 2,500. Wiki ya mwisho badilisha nitreti ya potasiamu kwa SOP, na vuna alasiri badala ya alfajiri, maana mwanga wa mchana humaliza sehemu ya nitreti. Alasiri jani lina joto, hivyo lazima uwe na kivuli na maji baridi ya kulipoza mara moja. Kama huna, vuna asubuhi ujue unachoacha.

Kuchanganya

SOP huyeyuka polepole. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 inabeba gramu 110 hivi na si zaidi, kwa hiyo kwenye ndoo ya lita 20 weka kilo moja, koroga robo saa, acha itulie, mimina maji ya juu kupitia kitambaa. Nunua ya unga inayoyeyuka. Ya punje huacha mchanga unaoziba matone. Nitreti ya potasiamu huyeyuka zaidi, ila inapoyeyuka hupoza maji mpaka ndoo inatoa jasho nje, na kasi hupungua. Subiri.

Nitreti ya kalsiamu isikutane na SOP, chumvi ya Epsom wala MKP (fosfeti ya potasiamu) kwenye tangi la mchanganyiko mzito. Salfeti na kalsiamu hufanya jasi, maji yanageuka maziwa, na mipira inaziba kwa kitu kisichotoka hata kwa asidi. Tumia matangi mawili, au siku mbili tofauti.

Kwa anayelima bila udongo, au anayelisha kwa matone kila siku, mchanganyiko huu hufanya kazi kwa lita 1,000 za maji laini: nitreti ya kalsiamu gramu 700, nitreti ya potasiamu 300, MKP 150, chumvi ya Epsom 350, pamoja na madini madogo kwa kipimo cha pakiti. Unatoa potasiamu karibu miligramu 157 kwa lita, kalsiamu 133, naitrojeni 147, magnesiamu 34. EC itakuwa karibu 1.6 juu ya ile ya maji yenyewe. pH iweke kati ya 5.5 na 6.2. Miche midogo ipe nusu ya nguvu hiyo kwa siku 7 za kwanza. Tangi linalozunguka likianza kupanda EC wakati maji yanapungua, mimea inakunywa maji kuliko chakula: ongeza maji matupu, usiongeze mbolea. Mwaga lote ulitengeneze upya kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu EC inakuambia jumla ya chumvi tu na haitakuonyesha kama potasiamu imeisha na sodiamu ndiyo iliyobaki.